Benki Kuu Inavyoonekana Kutoka Bariadi

Kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, Benki Kuu ya Tanzania iliwapa wananchi siku tisini warudishe noti za zamani. Zilikuwa noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile noti ya 500 ya mwaka 2010 ambayo ilichakaa upesi. Baada ya hapo zikawa karatasi. Kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam anayepokea mshahara benki na kulipia hata vitunguu kwa simu, tangazo lile lilipita kama matangazo mengine. Simiyu ilikuwa habari nyingine. Huko fedha ya pamba huingia kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka, na sehemu yake hulala nyumbani: ndani ya sanduku la bati, kwenye kibubu, nyuma ya magunia ya mahindi. Baba mwenye mji anaweza kuficha noti zake miaka kumi bila kumwambia hata mkewe, naye anahesabu kwamba ana akiba. Alichonacho kwa hakika ni ahadi ya taasisi iliyo mbali, na ahadi hiyo ina tarehe za mwisho ambazo yeye hakushiriki kuzipanga.

Mbali kiasi gani? Benki Kuu ina makao makuu Dodoma, majengo pacha ya Dar es Salaam, ofisi Zanzibar, na matawi Arusha, Mbeya, Mtwara na Mwanza. Bariadi hakuna kitu. Mkoa wa Simiyu, uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na wenye wilaya tano za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, unahudumiwa kutoka Mwanza, ng'ambo ya Lamadi na Magu. Sensa ya 2022 ilihesabu huko watu zaidi ya milioni 2.1. Ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na katika misimu mingi karibu nusu ya pamba yote ya Tanzania hutoka huko, wakati mwingine zaidi ya nusu.

Mtu anaweza kusema basi Simiyu ina mahusiano madogo na Benki Kuu. Mimi naona kinyume chake. Suala la nani alipie pamba, lini, na kwa fedha yenye thamani gani, ndilo lililosaidia kuifanya nchi hii itake benki kuu yake yenyewe. Suala hilohilo nusura liiue katika miaka ya 1980. Na hadi leo ndilo linaloonyesha, kuliko takwimu za Dodoma, wapi mkono wa benki hiyo unafika na wapi unaishia hewani.

Kabla ya 1966 fedha ya hapa ilikuwa ya wengine. Wajerumani walikuta rupia ikitumika pwani, wakaifanya yao, na mwaka 1904 wakaigawa katika heller 100. Vita vilipowakata na nje, walichukua dhahabu ya Sekenke wakaifua Tabora mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya wanazigombania. Waingereza walipokuja walileta Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919. Ofisi yake ilikuwa London hadi 1960 ilipohamia Nairobi. Shilingi tuliyorithi ilitokana na bodi hiyo.

Bodi haikuwa benki kuu, na tofauti yake ni muhimu kwa mkulima. Kila shilingi iliyotoka ilitakiwa kuwa na pauni yake imelala London. Bodi ilibadilisha pauni kuwa shilingi na shilingi kuwa pauni, basi. Haikukopesha serikali, haikuokoa benki iliyotetereka, haikupanga riba. Faida yake ilikuwa moja na haikuwa ndogo: hakuna mwanasiasa aliyeweza kuchapisha noti. Hasara yake ilionekana wakati wa mavuno. Pamba huvunwa kwa wakati mmoja, kuanzia Mei, na kila mkulima anataka kulipwa papo kwa papo kwenye mizani. Kwa miezi michache Usukuma unahitaji noti nyingi kuliko mwaka mzima, kisha noti hizo zinarudi mijini polepole. Nchi yenye benki kuu inaweza kutanua mikopo kwa msimu huo na kuibana baadaye. Chini ya bodi, kutanuka huko kulitegemea mabenki ya Kiingereza kama yanaona inafaa kuleta fedha yao kutoka London. Miaka ya mwisho bodi ililegezwa kidogo, lakini ilikuwa imechelewa, maana uhuru ulikuwa mlangoni.

Hapo ndipo jina la Paul Bomani linapoingia. Kabla ya kuwa waziri alikuwa mtu wa pamba: alikuwa miongoni mwa waliojenga vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa hadi kuunda mwaka 1955 muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliokuja kuhesabiwa kati ya mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Wakulima wa Bariadi na Maswa waliuza pamba yao kupitia mtandao huo. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha. Hakuhitaji profesa wa kumweleza kwamba chama cha msingi kisicho na fedha taslimu siku ya ununuzi kinamrudisha mkulima kwa mchuuzi. Mwaka 1963 serikali ilipata taarifa ya mtaalamu wa benki kuu ya Ujerumani, Erwin Blumenthal, kuhusu mfumo wa fedha wa Tanganyika na hatima yake. Mapendekezo yalikuwa ya tahadhari, ya kugawana madaraka kati ya benki ya pamoja na benki za nchi. Siasa haikusubiri. Juni 1965 mawaziri wa fedha wa Tanzania, Kenya na Uganda walitangaza kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu na sarafu yake, na mwezi huohuo mambo ya sarafu na benki kuu yakaingizwa kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Zanzibar imekuwa ikiuliza maswali kuhusu hilo tangu wakati huo. Na kejeli ya historia ni kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisaini mwaka 2013 itifaki ya kurudi kwenye sarafu moja ifikapo 2024, ikashindwa, na sasa inataja 2031.

Sheria ya Benki Kuu ilipitishwa Desemba 1965 na benki ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere Juni 14, 1966. Gavana wa kwanza alikuwa Edwin Mtei. Noti za kwanza zilikuwa nne, za shilingi 5, 10, 20 na 100, na zilibadilishwa moja kwa moja na shilingi ya Afrika Mashariki. Dola moja ilikuwa shilingi 7.14. Mwaka uliofuata faida ya kuwa na benki yako ilionekana waziwazi: Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni, na Tanzania haikufuata. Chini ya bodi, shilingi ingeshuka pamoja na pauni bila mtu yeyote wa Dar es Salaam kuulizwa.

Lakini Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangulia, Februari 1967. Mabenki binafsi yalitaifishwa siku moja baada yake na kuunganishwa katika Benki ya Taifa ya Biashara. Kuanzia hapo, Benki Kuu iliyoundwa kusimamia mabenki mengi ilijikuta ikikaa meza moja na benki moja kubwa ya serikali, na zote mbili zikifuata mpango mmoja wa serikali. Fedha za kigeni ziligawanywa kwa vibali. Riba iliwekwa kwa amri na mara nyingi ikawa chini ya mfumuko wa bei, ikimaanisha kwamba anayekopa analipwa kwa kukopa.

Nani alikopa? Hapa pamba inarudi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na ununuzi ukakabidhiwa kwa mamlaka za mazao, pamba ikiwa na mamlaka yake. Mamlaka hizo zilichukua fedha za msimu kutoka Benki ya Taifa ya Biashara, zilinunua, zilichelewesha malipo, ziliuza nje, na mara kwa mara hazikurudisha mkopo wote. Deni lilisogezwa msimu unaofuata, likaongezwa, likasogezwa tena. Benki ya Taifa ilipokaukiwa iligeukia Benki Kuu, na Benki Kuu ilitoa. Ongeza hapo kuvunjika kwa Jumuiya ya awali ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta, unapata nakisi ya serikali iliyozibwa kwa noti. Katika sehemu kubwa ya miaka ya 1980 bei zilipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na miaka mingine zaidi.

Ni rahisi kuhesabu hasara ya mfumuko wa bei kwa mfanyakazi wa mjini. Ya mkulima wa pamba ilikuwa kubwa zaidi na haikuandamana barabarani. Shilingi ililazimishwa kusimama juu: kabla ya 1986 bei rasmi ya dola ilikuwa kama shilingi 17, na dola ya vichochoroni ilikuwa mara kadhaa ya hiyo. Pamba iliuzwa nje kwa dola, na dola hizo zikageuzwa kuwa shilingi kwa bei rasmi. Kwa maneno mengine, kila kilo iliyotoka Meatu ilikatwa kodi ambayo haikuandikwa kwenye stakabadhi yoyote, na waliofaidi ni waliopata vibali vya kuagiza bidhaa kwa dola rahisi. Mkulima alijua, hata kama hakuijua hesabu yake. Alipunguza pamba, akalima mpunga, mtama na dengu, na akiba yake akaigeuza ng'ombe. Wataalamu wa maendeleo waliandika sana kuhusu Msukuma kuwa na mapenzi yaliyopitiliza na mifugo. Ukilinganisha na hati ya deni ya mamlaka ya pamba au noti inayopoteza karibu robo ya thamani kila mwaka, ng'ombe alikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Ng'ombe hachapishwi.

Mtei, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha, alijaribu kufikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1979. Nyerere alikataa masharti, hasa kushusha thamani ya shilingi, na Mtei akajiuzulu. Ni mvutano unaosimuliwa kila mara kama wa Mwalimu na wazungu. Ulikuwa pia mvutano wa ndani kuhusu nani abebe mzigo, na mtu wa Bariadi hakuwa na kiti mezani. Makubaliano yalikuja 1986 chini ya Rais Mwinyi, na dola iliruka hadi shilingi 40 mwaka huo, kisha ikaendelea kupanda.

Benki iliyotokea baada ya hapo ni tofauti na ile ya mwanzo. Sheria ya 1991 iliruhusu tena mabenki binafsi, maduka ya fedha za kigeni yakafunguliwa mwaka uliofuata, na Sheria ya Benki Kuu ya 1995, wakati wa Gavana Idris Rashidi, ikaiondolea benki malengo mengi na kuiachia moja kubwa: utulivu wa bei. Mkopo wa Benki Kuu kwa serikali ukawekewa mpaka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia kumi. Sheria ya 2006, inayotumika sasa kwa marekebisho yake, iliendeleza njia hiyo.

Anayedhani haya ni mambo ya vitabuni aangalie magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Blumenthal yuleyule alipelekwa Zaire mwishoni mwa miaka ya 1970 kusimamia benki kuu ya huko, akaondoka na baadaye akaandika taarifa iliyosema wazi kwamba hazina ya nchi na mfuko wa Rais Mobutu vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1993, baada ya serikali ya Zaire kutoa noti ya milioni tano, wafanyabiashara waliikataa, askari waliolipwa kwa noti hizo wakafanya fujo mjini Kinshasa, na eneo la Kasai likagoma kabisa kupokea sarafu mpya. Tanzania haikufika huko. Ilifika karibu kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Na ilibaki na kidonda cha zama zile. Katika miaka ya uhaba wa dola, waagizaji wa ndani walilipa shilingi zao na kungoja Benki Kuu itafute fedha za kigeni za kuwalipa wauzaji wa nje. Nyingi hazikupatikana, na madeni hayo yakawekwa kwenye akaunti ya malimbikizo ya madeni ya nje, EPA. Mwaka 2005 na 2006, kampuni 22 zilichotewa humo shilingi bilioni 133 kwa nyaraka zilizokuja kuonekana kuwa batili au za kutiliwa shaka. Januari 2008 Rais Kikwete alimwondoa Gavana Daudi Ballali. Kashfa ile inaelezwa kama hadithi ya uchaguzi na ufisadi, nayo ni hivyo, lakini mzizi wake ni shilingi iliyolazimishwa na dola zilizogawanywa kwa vibali. Miaka michache baadaye akaunti ya Tegeta Escrow, iliyotunzwa Benki Kuu na kutolewa zaidi ya bilioni 300, iliwapa wabunge mjadala mkali mwaka 2014.

Kwa Simiyu, mabadiliko ya miaka ya 1990 yalikuwa na sura mbili. Soko la pamba lilifunguliwa kuanzia msimu wa 1994, viwanda binafsi vya kuchambua pamba vikaja, na malipo ya papo kwa papo yakarudi. Vyama vikuu vilivyorithi madeni ya zamani vilianguka au vikabaki majina. Benki Kuu, baada ya kuungua kwa mikopo ya mazao, ilirudi nyuma: kazi yake sasa ilikuwa bei tulivu, na mkulima akatafute mkopo kwa mabenki. Mabenki yalitazama shamba lisilo na hati, mvua isiyotabirika ya Meatu, na mkopaji mwenye hekta moja, yakaamua kununua dhamana za serikali. Siyalaumu. Nalaumu zaidi dhana kwamba utulivu wa bei ukipatikana, mikopo itajipeleka yenyewe vijijini.

Bei ya pamba duniani haikujali utulivu huo. Msukosuko wa fedha wa 2008 uliwaacha wanunuzi na marobota yaliyonunuliwa ghali, na mpango wa serikali wa kunusuru uchumi, uliotangazwa Juni 2009 kwa shilingi trilioni 1.7, ulitenga sehemu kufidia hasara za wanunuzi wa mazao, pamba ikiwemo. Machi 2011 pamba ilivuka dola mbili kwa ratili, rekodi, kisha ikaanguka. Mwaka 2019 serikali ilipanga bei ya chini ya shilingi 1,200 kwa kilo huku soko la dunia likishuka. Wanunuzi walisita, mabenki yakaogopa kuwakopesha, na pamba ikakaa kwenye maghala ya vyama vya msingi huku wakulima wakingoja malipo kwa miezi. Ilikuwa picha ya miaka ya 1980 kwa miezi hiyo, isipokuwa safari hii Benki Kuu haikuchapisha noti kuziba pengo. Hilo ni jambo jema kwa nchi. Kwa mtu aliyepeleka magunia kumi na kurudi na karatasi, lilikuwa jema la kuambiwa tu.

Tangu hapo Benki Kuu imesogea tena kidogo kuelekea shambani, kwa njia nyingine. Julai 2021, chini ya Gavana Florens Luoga, ilitangaza fungu la shilingi trilioni moja la kuyakopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3 ili nayo yakopeshe sekta binafsi, kilimo kikiwemo, kwa riba isiyozidi asilimia 10. Pia iliyapunguzia kiasi cha amana ambacho ni lazima kuhifadhi Benki Kuu yale yanayokopesha kilimo kwa riba hiyo. Mabenki makubwa yakatangaza mikopo ya kilimo ya asilimia 9. Ni punguzo kubwa. Ila fedha hizo hufuata njia iliyo tayari: mnunuzi wa pamba, mwenye kiwanda, muuza pembejeo, chama cha msingi chenye vitabu vizuri. Mwenye ekari tatu za Itilima anazifikia kwa kupitia wao, kama anazifikia.

Mwaka 2024 ulileta mabadiliko makubwa zaidi na yasiyozungumzwa sana vijiweni. Januari mwaka huo, Gavana akiwa Emmanuel Tutuba, benki iliacha mfumo wa kuhesabu kiasi cha fedha kwenye mzunguko na kuanza kutumia Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili, na Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Nadharia ni nyepesi: riba hii ikipanda, mabenki yanakopeshana kwa bei ya juu, mikopo ya wateja inapanda, matumizi yanapungua, bei zinatulia. Nchini kwa jumla matokeo ni ya kujivunia, mfumuko wa bei ukizunguka asilimia 3. Lakini fuata mnyororo huo hadi soko la Somanda, Bariadi. Riba ya mikopo ya mabenki imebaki karibu asilimia 15, iwe riba ya Benki Kuu imepanda au imeshuka. Na mama anayeuza mitumba pale huenda hajawahi kukopa benki maishani mwake. Mkopo anaoujua una jina la mtaani, kausha damu.

Kwa hiyo kinachomfikia mtu wa Bariadi moja kwa moja zaidi kuliko riba ni bei ya dola. Chukua hesabu ya mfano. Pamba nyuzi ikiwa senti 80 za Kimarekani kwa ratili, kilo yake ni kama dola 1.76. Dola ikiwa shilingi 2,300, kilo hiyo ni karibu shilingi 4,060. Ikiwa 2,700, ni karibu 4,760. Kilo tatu za pamba mbegu, ile inayopimwa kijijini, hutoa takriban kilo moja ya nyuzi. Gawanya kwa tatu, utaona kwamba mwendo huo wa dola pekee unaongeza kama shilingi 235 kwenye kila kilo kabla ya gharama za kuchambua na kusafirisha. Shilingi ilipolegea 2023 na 2024 na wafanyabiashara wa mjini wakilalamika kuhusu uhaba wa dola, pamba ilikuwa upande wa pili wa mizani. Viuadudu vilipanda vilevile, kwa hiyo ushindi haukuwa kamili. Hata hivyo, kila mara Dodoma inaposhangilia shilingi kupata nguvu, afisa wa ushirika Maswa ana sababu ya kuuliza inapata nguvu kwa gharama ya nani.

Mkono mwingine unaofika ni wa usimamizi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iligawa watoa huduma katika madaraja manne, na Benki Kuu ikabaki na mabenki madogo na wakopeshaji, ikakabidhi saccos kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika na vikundi vya kijamii, vikoba na vingine, kwa halmashauri. Wakopeshaji wenye leseni hawaruhusiwi kuvuka asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 benki ilitaja hadharani majukwaa 69 ya mikopo ya simu yasiyo na kibali. Hayo yote ni sahihi. Tatizo ni kwamba mkopeshaji anayemkamatia mwalimu kadi yake ya benki na namba ya siri kama rehani, au tajiri anayenunua pamba ikiwa bado shambani kwa nusu ya bei wakati wa njaa ya Februari, haonekani kwenye jukwaa lolote. Wa kumwona ni afisa wa halmashauri, na afisa huyo mmoja ana vikundi vingi kuliko siku za mwezi. Kukabidhi madaraka bila kukabidhi watu wa kazi ni nusu ya kazi.

Simu imefanya zaidi. Mfumo wa taifa wa malipo ya papo hapo, TIPS, uliojengwa na Benki Kuu yenyewe, unaunganisha mabenki na mitandao, na mkulima anaweza kulipwa pamba yake bila karani kubeba mabunda kutoka mjini. Wizi wa njiani unapungua, na mabishano ya hesabu pia. Siku ya malipo, hata hivyo, wakala wa kijijini huishiwa fedha taslimu kabla ya saa nne asubuhi, na tatizo la zamani la Bodi ya Sarafu, noti nyingi kwa wiki chache, linajitokeza upya kwenye kibanda cha bati.

Kuna dhahabu pia. Benki Kuu sasa inanunua dhahabu ndani ya nchi kwa shilingi na kuiweka kwenye akiba ya taifa, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wauzaji wakubwa wanatakiwa kutenga asilimia 20 kwa ajili hiyo. Ni sera yenye akili wakati ambapo benki kuu za dunia zimenunua zaidi ya tani elfu moja kwa mwaka kuanzia 2022 hadi 2024. Simiyu nayo ina wachimbaji wadogo, na Januari 2024, mwezi uleule riba mpya ilipoanza, mgodi wa Ng'alita wilayani Bariadi uliporomoka na kuua watu 22. Dhahabu inayopendeza kwenye mizania ya benki huanzia kwenye mashimo ya namna hiyo, na bei nzuri ya mnunuzi wa serikali inaweza kuwasukuma watu kuingia shimoni mvua zikiwa bado zinanyesha.

Kila robo mwaka Benki Kuu hutoa taarifa ya uchumi wa kanda. Simiyu imo ndani ya Kanda ya Ziwa, pamoja na Mwanza yenye viwanda na bandari, Geita na Shinyanga zenye migodi mikubwa, Mara na Kagera. Ukisoma amana, mikopo na makusanyo ya kanda hiyo unapata picha ya eneo linalokwenda vizuri, maana tani za dhahabu za Geita zinabeba wastani wote. Riba wanayotozwa watu wa Meatu, idadi ya vyama vya msingi vya Itilima vilivyopata ile mikopo ya asilimia 9, siku ambazo pamba ya Maswa ilikaa ghalani bila kulipwa: hizo zingehitaji safu zake zenyewe katika taarifa, mkoa kwa mkoa, na zikitolewa Aprili, kabla mizani haijafunguliwa Mei, chama cha msingi kingeweza hata kuzitumia.